Gitaa la Mama Mmoja wa Kijijini

Ipyana, Kyela
Alhamisi, saa tisa alasiri

Atupele mwanangu,

Nakuandikia huku nakusikia. Uko chumba cha pili unabishana na bibi yako juu ya zipu ya begi, naye anakwambia begi limekataa kufunga kwa sababu umeweka viatu vingi kuliko miguu uliyo nayo. Mvua imeanza. Kokoa tumewahi kuziingiza ndani, na nyumba nzima inanuka kokoa na sabuni ya kufulia. Kesho alfajiri basi litakuchukua hapo barabarani, na keshokutwa jioni utapanda ndege. Sentensi hiyo niliiandika kwanza kwenye karatasi nyingine, nione tu inavyokaa. Utapanda ndege. Nimeitazama mpaka nimecheka peke yangu.

Sitakuandikia habari za koti, soksi wala dawa za malaria. Hayo bibi yako amekwambia mpaka umeanza kumjibu kabla hajamaliza. Nataka kukwambia habari za gitaa.

Jumapili, tulipotoka kanisani, ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku unavua viatu mlangoni: "Mama, nafikiri hili libaki. Nitaazima hukohuko. Uholanzi hawawezi kukosa gitaa." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema sanduku alilokutengenezea Mzee Shabani linafanana na jeneza la mtoto, gitaa lenyewe lina kiraka, na wenzako watakuja na magitaa yanayong'aa. "Nitaonekana nimetoka porini," ukasema, ukacheka.

Mimi sikucheka. Niliingia jikoni nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Ulidhani nimekasirika. Niliogopa, Atu, kwa sababu maneno yale niliyatambua. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, mabaya kuliko ya kwako, nikiwa na miaka kumi na tisa, nimesimama mbele ya meza ya ukaguzi katika uwanja uleule utakaosimama wewe keshokutwa.

Tangu ulipokuwa mdogo umeniuliza kiraka kile kilitoka wapi, nami nimekujibu kila mara neno moja: panya. Ni kweli ni panya. Ila kabla ya panya nilikuwepo mimi.

Unajua kwamba babu yako alirudi na gitaa hilo kutoka migodini kusini, yeye na blanketi moja na kikohozi. Alilipiga kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada, na ndivyo alivyonifundisha, na ndivyo nilivyokufundisha wewe kabla hujajua kusoma. Alipofariki aliniachia mimi, si kaka zangu. Alisema kaka zangu wanalipiga kama wanaliadhibu. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Miaka miwili baadaye nikakuzaa wewe, mtihani wa kidato cha nne haujapoa, na watu wakasema mambo yangu yamekwisha. Bibi yako hakujibu mtu. Alikufunga mgongoni akaenda nawe shambani, akanituma chuo cha ualimu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chuoni ndiko walikonisikia nikipiga. Wakati huo msichana mwenye gitaa alikuwa kitu cha kushangaza, kwa hiyo palipotokea nafasi ya walimu wanafunzi kwenda Harare miezi miwili kujifunza kufundisha muziki, jina langu likaandikwa. Kwa ndege. Hapa kijijini hakuna aliyewahi kuipanda. Watu walikuja kunitazama kabla sijaondoka, wanakaa, wananywa chai bila sukari, wananiangalia. Mama mmoja aliniuliza kama huko juu watu huvua viatu.

Wewe umekulia kwenye maduka yaliyojaa, na mchele wetu leo unapakiwa kwenye malori mchana kweupe. Miaka ile haukuruhusiwa kuvuka kizuizi cha barabarani bila kibali. Ukikutwa na debe, linashushwa, na wewe unashuka nalo. Na bado mtu wa Kyela hawezi kubisha hodi kwa ndugu yake Dar akiwa mikono mitupu. Mimi nilikuwa nilale Temeke kwa mdogo wake bibi, Bibi Mdogo yuleyule atakayekupokea wewe. Basi siku moja kabla ya safari bibi yako alilitazama gitaa kwa muda, kisha akaligonga tumboni.

"Hili linasafiri tupu?"

"Mama, hilo ni gitaa."

"Najua ni gitaa. Tumbo ni tumbo."

Alisokota jani la mgomba likawa faneli, akapenyeza ncha kati ya nyuzi, akamimina mchele kikombe kwa kikombe, kilo nne, huku mimi nimelishika gitaa lisitikisike. Kisha akaziba tundu kwa kipande cha kanga kuukuu. Tulicheka mpaka wewe ukaamka. Niliona mama yangu ana akili kuliko serikali.

Pale kizuizini askari alipita kati ya viti akiminya mizigo. Akafika kwangu.

"Una mchele, binti?"

"Sina, afande."

"Hicho je?"

"Gitaa, afande."

"Hebu lipige tulisikie."

Nikalipiga. Lilitoa sauti ya ndoo iliyojaa maji. Askari akainamisha kichwa, akasikiliza kwa makini, akasema, "Gitaa lako lina mafua," akapita. Basi zima lilijua. Hakuna aliyesema kitu, ila mzee mmoja nyuma yangu alikohoa kwa muda mrefu sana.

Laiti safari ingeishia hapo. Basi likaharibika njiani tukalala porini, tukaingia Dar asubuhi ya siku ya ndege yenyewe. Temeke haikuwezekana tena. Nikaenda uwanjani moja kwa moja, na vumbi langu, na gitaa langu lina kilo nne za mchele tumboni.

Nataka uione ile meza, kwa sababu yote yako pale. Wenzangu wa msafara walikuwa wamesimama kwenye mstari, watoto wa Dar, wasichana wawili wamevaa viatu vya kisigino, mvulana mmoja ana gitaa kwenye sanduku jeusi lenye kufuli. Nilikuwa nimeshawasalimia. Walikuwa wamenipokea vizuri, na mmoja alikuwa ameniambia nywele zangu nzuri. Ndipo mkaguzi, mwanamume mnene mwenye uso wa upole, akalinyanyua gitaa la babu yako juu ya meza. Ile kanga ilikuwa imelegea kwa siku mbili nzima za mitikisiko. Likalia shaaaa, kama mvua ya hapa inavyopiga bati.

Akalilaza upande wa pili. Shaaaa.

"Jamani," akasema, "hili limekuja na masika yake."

Mstari mzima ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Leo nikikumbuka naweza hata kucheka nao. Punje tatu zikaanguka mezani, nyeupe. Yule wa viatu vya kisigino akasema, "Hee, mchele!" Mkaguzi akauliza, huku bado anatabasamu:

"Hili gitaa la nani?"

Ningesema, "Langu." Ningesema, "Langu, na mchele ni wa mama yangu, samahani, nimechelewa kuushusha." Angenipa mfuko, ningemwaga, tungechelewa dakika kumi. Nimeyafanyia mazoezi maneno hayo kwa miaka kumi na tano, nikipika, nikisahihisha madaftari, nikiwa kanisani. Siku ile nilisema:

"Si langu. Nimepewa nilibebe tu."

"Na nani?"

"Na mama mmoja wa kijijini."

Mama mmoja wa kijijini. Aliyekuwa na wewe mgongoni saa ileile.

Mkaguzi aliniangalia. Nadhani alijua. Alinipa nafasi, Atu, hilo ndilo linalouma. Alikaa kimya muda wa kutosha mtu kubadilisha jibu. Kisha akachukua kipande cha karatasi ngumu, akaandika, akakifunga kwenye shingo ya gitaa kwa uzi, akasema, "Basi litabaki hapa mpaka mwenyewe aje." Nikapita upande wa pili nikiwa mwepesi, nimebeba kimkoba tu.

Usije ukaichukia ndege kwa ajili ya aibu yangu. Ndege ni kitu kizuri kupita kiasi! Omba kiti cha dirishani. Mwanzoni inatembea polepole kama inatafuta kitu ilichokiangusha, unadhani ndiyo hiyo tu. Halafu inasimama, inavuta pumzi, na ghafla mgongo wako unabanwa kwenye kiti, na kile kishindo cha matairi kinakatika. Hapo ndipo umeiacha ardhi. Nililia na kucheka kwa pamoja, na jirani yangu akanipa leso bila kuuliza. Mawingu kwa juu ni meupe namna ambayo hakuna mtu wa Kyela anayeweza kuiamini, maana sisi tunayajua kwa tumbo lake jeusi tu. Nilitaka kumwambia mtu. Nikatafuta kwa mkono pale miguuni, kama ninavyofanya nikifurahi, nilishike gitaa. Halikuwepo.

Harare mwalimu aliniuliza gitaa langu liko wapi. Nikasema limepotelea uwanjani. Unaona jinsi lilivyozaa haraka, lile neno langu la pale mezani? Walinipa la kuazima, zuri, jekundu, na nyuzi zake zilikuwa karibu karibu kiasi kwamba dole gumba langu halikupata nafasi yake. Siku ya mwisho kila mmoja alipiga wimbo wa kwao. Ilipofika zamu yangu nilisema naumwa. Sikuumwa. Sikuweza kuupiga wimbo wa babu yako kwenye gitaa jekundu huku la kwake nimelikana.

Niliporudi nilikwenda kwenye stoo ya uwanja. Lilikuwa nyuma ya masanduku, limeegemea ukuta kama mtu aliyechoka kusubiri. Panya walikuwa wameufuata mchele: walitafuna mbao karibu na tundu, wakafungua mlango wao wenyewe, wakamaliza kilo zote nne. Na kile kikaratasi kilikuwa bado shingoni. Mwandiko mzuri, wa mtu mwangalifu. *Mali ya: mama mmoja wa kijijini.*

Mtunza stoo akauliza, "Wewe ndiye mwenyewe?"

Nikasema, "Mimi ni mtoto wake." Lilikuwa neno la kweli la kwanza kulisema katika miezi miwili, na nililisema kwa mtu asiyelihitaji.

Mzee Shabani ndiye aliyeweka kiraka, unajua. Duka lake la samani lilikuwa dogo wakati huo, benchi moja na msumeno mmoja. Alilichunguza lile tundu la meno, akasema kwa Kiswahili chake cha pwani, "Panya wa Dar hawana adabu, binti yangu. Wa kwetu wangekula wakasaza." Akakata kipande kutoka ubao wa kitanda cha mtu, akakinyoa siku nzima. Na wewe ndiwe uliyeniambia, mwaka juzi, kwamba tangu hapo uzi wa tatu una kimguno kidogo. Kimguno hicho kimo kwenye kaseti ile tuliyoipeleka Uholanzi. Wale wageni waliokusikia humo, wakakualika ukajifunze kwao, waliandika kwenye barua yao kwamba walirudisha kaseti mara nyingi wakijiuliza sauti ile inatoka wapi. Ulipoisoma kwa sauti, nilitoka nje kuangalia kuku.

Bibi yako aliniuliza jambo moja tu niliporudi: "Mchele ulimfika mdogo wangu?" Nikasema ulimfika, na kwamba kiraka ni panya. Akashukuru, "Ndaga," akaendelea kumenya ndizi.

Miaka kumi na tano. Jumapili uliposema litabaki, niliona kwamba nikikueleza wewe kabla sijamweleza yeye, nitakuwa nimemzunguka tena. Kwa hiyo Jumanne nilimfuata kwenye shamba la mpunga. Nikamwambia yote, tumesimama maji ya vifundoni, pamoja na "mama mmoja wa kijijini." Sikuruka neno. Aling'oa magugu mawili, matatu.

"Najua mchele haukufika," akasema. "Mdogo wangu hajawahi kupokea mchele akanyamaza. Angenipigia hata telegramu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja." Akang'oa jingine. "Na huyo mkaguzi, ungesema gitaa ni lako, angekufunga?"

"Asingenifunga."

"Angekupiga?"

"Hapana, mama."

"Basi ulimwogopa nani?"

Niliwaogopa wasichana wawili wenye visigino ambao sasa hata majina yao siyakumbuki. Bibi yako akanipa mzigo wa magugu nibebe, akasema, "Na mimi ni wa kijijini kweli. Hapo hukudanganya." Akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha, mpaka ikabidi nimshike mkono asianguke majini.

Tangu jana unamwona anashona kitu kirefu kama soseji kwa kitenge cha bluu, na ukiuliza anakwambia si kazi yako. Ni mto wa shingo ya gitaa. Amepima mwenyewe ndani ya sanduku la Mzee Shabani, akaona shingo inaning'inia bila kuegemea kitu. Ndani ya mto ameshona kilo moja ya mchele. Nilitaka kumkataza nikashindwa, kisha nikajaribu kulilaza gitaa, na nakwambia shingo ilikaa kama mtoto kwenye mkono. Wa Bibi Mdogo uko kwenye mfuko wake, kilo kumi, wazi, juu ya mizigo yote. Uholanzi wakiuliza kilichomo kwenye mto, sema mchele. Wakiutaka, wape mchele, ubaki na kitambaa.

Na yale ya jeneza nilimfikishia Mzee Shabani, maana nilidhani atacheka. Alivua miwani. "Mwambie Atupele jeneza halifungwi bawaba za shaba. Na mwenye jeneza harudi. Yeye nataka arudi anisimulie."

Sitakulazimisha. Nimelifikiria sana hilo. Nikikubebesha gitaa kwa nguvu utafika nalo kwenye meza ile likiwa langu, na mtu akiuliza ni la nani utakuwa na haki ya kusema, "Nimepewa nilibebe tu." Ukiliacha, nitalitundika ukutani, nitalipiga Jumamosi, na utakwenda na baraka zangu zote, bila kupungua hata moja. Utaazima zuri. Utajifunza. Huko hawatakuuliza kiraka, na wewe hutalazimika kujibu.

Lakini ukilichukua, nina jambo moja la ufundi nililolipata Harare kwa gitaa ambalo sikuwa nalo: legeza nyuzi kabla ya safari. Zote sita, mpaka zilale. Huko juu kuna baridi na ukavu, mbao hujikunja, na uzi uliokazwa huvuta shingo mpaka ikapasuka. Sanduku likikataliwa kuingia nawe ndani, usigombane. Waombe lipakiwe la mwisho, na usimame uone linavyokwenda. Na mpini wa sanduku nimeufunga kipande kipya cha karatasi ngumu kwa uzi wa mkonge. Kile cha zamani kimo ndani ya bahasha hii, nimekitunza kwenye cheti changu cha ualimu miaka yote, ukione mwandiko wa yule baba. Kile kipya hakina kitu. Nilishika kalamu niandike, nikairudisha.

Nakuonea wivu, mwanangu, ule wivu mtamu. Jana nilijikuta nimesimama uani nimeangalia juu, na mwanafunzi wangu aliyekuwa anapita akaniamkia, "Mwalimu, ugonile? Unatafuta nini huko?" Nikamwambia natafuta njia ya ndege. Tukatafuta wote wawili. Utakapokuwa juu ya mawingu, na furaha ikakupanda mpaka hujui uifanyie nini, utafanya kitu changu kilekile, najua, maana umekirithi. Mkono utashuka miguuni kutafuta. Natamani sana

Subiri.

Mvua imepungua, na umenyamaza. Begi bila shaka limefunga. Nasikia kitu kingine, na nimeinua kalamu ili nihakikishe. Ni uzi wa kwanza, ule mwembamba. Unashuka. Unashuka zaidi ya pale unapoweza kuimba, unalegea, unakwisha. Sasa wa pili. Bibi yako anauliza, "Unaliharibu?" nawe unamwambia, "Nalilaza, bibi." Nani alikufundisha? Au ulinisikia miaka ile ulipokuwa mdogo, nikilisimulia kwa mtu? Wa tatu huu, wenye kimguno chake, unaguna mpaka chini kabisa. Wa nne. Wa tano unachukua muda. Wa sita unanguruma kama babu yako akikohoa, halafu kimya.

Sanduku limefunguliwa, bawaba zimelia. Na sasa unaniita.

"Mama! Kalamu iko wapi? Nataka kuandika jina langu hapa kwenye karatasi."

Kalamu zote umezifungia begini, Atu. Iliyobaki nje ni hii ninayoandikia. Nakuja kukupa.

Mama yako